Anza na jalada moja: namna ya kuuhoji mfuko wa hifadhi ya jamii kuhusu watumishi na gharama zake

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa kiti cha kwanza kushoto kwa mwenyekiti, daftari mkononi, nikiandika yanayosemwa na kujifanya sisikii yanayonong'onwa. Nilikuwa katibu wa kamati ya bunge inayokagua mashirika ya umma. Katika mashirika yote yaliyopita mbele yetu, hakuna lililotupa shida kulihoji kama mfuko wa hifadhi ya jamii. Si kwamba wakubwa wake walikuwa waongo. Wengi wao walikuwa waungwana. Shida ni kwamba kila tarakimu unayopewa ni ya kweli, na bado unatoka chumbani hujui kama mfuko una watu wengi mno au wachache mno, kama unakula fedha za wanachama au unajibana mpaka wastaafu wanaumia.

Nimestaafu sasa, na mimi pia ni jina kwenye orodha ya walipwa pensheni. Wabunge wapya na wasaidizi wao bado wananipigia simu usiku wa kuamkia kikao: "Mama Katibu, kesho tuwaulize nini?" Haya, nayaandika mara moja ili na mimi nilale.

Barua kabla ya kikao

Ukiisubiri taarifa waje nayo mkononi siku ya kikao, umeshashindwa. Barua ya kuomba nyaraka itoke wiki mbili kabla, isainiwe na mwenyekiti mwenyewe, na itaje kila waraka kwa jina lake. Ukiandika "taarifa zote muhimu" utaletewa kijitabu cha karatasi ya kung'aa, mkurugenzi mkuu akikata utepe ukurasa wa tatu.

Omba ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, pamoja na idadi ya watumishi waliopo, kwa kila idara na kila ofisi ya tawi, kwa miaka mitano. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka hiyohiyo, na barua ambayo mkaguzi aliiandikia menejimenti. Hati ya ukaguzi peke yake haitoshi, kwa kuwa shirika linaweza kupata hati safi huku barua ile ina kurasa arobaini za hoja. Omba tathmini ya mwisho ya kiaktuaria, ile hesabu ya kama fedha za mfuko zitatosha kulipa mafao ya miaka ijayo. Omba orodha ya mikataba yote ya huduma. Mwisho kabisa omba daftari la madai ya mafao linaloonyesha kila dai lilipokelewa lini na likalipwa lini. Hilo la mwisho ndilo litakalochelewa, na sababu utakayopewa itahusu kompyuta.

Jambo jingine la kufanya kabla ya kikao ni la ninyi wenyewe, na nalisema kwa upole. Mwaka fulani tulikuta kasma, yaani fungu la bajeti, iitwayo "uelimishaji wa wadau" imepanda maradufu. Mheshimiwa mmoja akaishikia bango kwa nusu saa, hao wadau ni akina nani. Mhasibu wa mfuko akajikohoza, akafungua kiambatisho, akasoma: semina ya siku nne, hotelini, kwa wajumbe wa kamati hii. Niliandika hivyohivyo kwenye kumbukumbu. Kabla hamjawaita, ulizeni mmekula nini chao.

Ikama na watu wa pembeni

Mfuko ukija kulia kwamba hauna watumishi, utakuletea namba mbili. Tuseme, kwa mfano tu, ikama iliyoidhinishwa ni watu 1,200 na waliopo ni 930. Pengo la 270. Wajumbe wanatikisa kichwa kwa huruma, na mwishoni wanapendekeza kibali cha ajira.

Subiri kwanza. Uliza wangapi wapo kwa mikataba ya muda. Wakijibu 310, jumlisha mwenyewe pale mezani: wanaofanya kazi ni 1,240, arobaini zaidi ya ikama. Mfuko haukupungukiwa na watu. Umekwepa ikama yake, na pengine kwa gharama kubwa zaidi, maana wa mkataba huletwa na wakala, na wakala naye ana chake. Au pengine ikama yenyewe imepitwa na wakati. Vyovyote vile, sasa mna mazungumzo mengine kabisa na yale waliyokuja nayo.

Uliza pia zile nafasi 270 zilizo wazi zilitengewa mishahara au la. Kama zilitengewa, fedha zilikwenda wapi? Nimeona mwaka baada ya mwaka nafasi wazi zikitumika kama pochi ya akiba: mshahara wa mtu asiyekuwepo unahamishwa katikati ya mwaka kwenda kwenye safari, posho na kazi za ziada. Ni uhamisho halali, una sahihi zote. Ila mfuko wa namna hiyo hauna haraka ya kuajiri.

Halafu kuna wanaokaimu. Mkuu wa kitengo anayekaimu kwa miaka mitatu hafanyi uamuzi mgumu, na jalada lililofika kwake hurudi lilikotoka na maneno "tafadhali jadili". Hiyo nayo ni gharama, ingawa hutaikuta kwenye kasma yoyote.

Na kuna watu ambao hawapo kwenye ikama wala kwenye mikataba ya muda. Tulikuwa na mjumbe aliyekuwa fundi cherehani kabla ya siasa, mtu wa maneno machache. Siku moja, wenzake wakiwa wamezama kwenye mishahara ya wakurugenzi, aliuliza: "Yule mlinzi aliyenifungulia geti, mshahara wake uko ukurasa gani?" Wakatafuta. Haukuwepo kwenye gharama za watumishi. Walinzi, wafagiaji, madereva na vijana wote wa kupokea simu walikuwa chini ya "huduma za kitaalamu", pamoja na mawakili na washauri. Kwa miaka minne gharama za watumishi zilikuwa zimeshuka kwenye jedwali, na menejimenti ikasifiwa kwa kubana matumizi, kumbe zilikuwa zimehamia mstari wa pili chini yake. Tangu siku ile nawafundisha wabunge kuhesabu wanaofungua geti.

Asilimia ya kitu gani?

Hapa ndipo wajanja wanapojificha. Chukua mfuko wa kufikirika: michango ya mwaka bilioni 500, mafao yaliyolipwa bilioni 250, rasilimali trilioni 4, gharama za uendeshaji bilioni 40. Mkurugenzi atakwambia gharama ni asilimia 1 tu. Ni kweli, ya rasilimali. Kwa michango ni asilimia 8. Kwa mafao ni asilimia 16. Fedha ni zilezile.

Mfuko mchanga wenye wanachama vijana na wastaafu wachache utaonekana ghali ukiupima kwa mafao, na hilo si kosa lake. Mfuko mkongwe wenye majengo mengi utaonekana rahisi ukiupima kwa rasilimali, na hiyo si sifa yake. Kwa hiyo dai vipimo vyote vitatu, kwa miaka mitano, na cha nne ambacho wengi hukisahau: gharama kwa kila dai lililolipwa. Kisha waambie waandike pembeni kama gharama za uwekezaji zimo au hazimo. Mifuko mingi huonyesha mapato ya uwekezaji yakiwa tayari yamekatwa ada za mameneja na matunzo ya majengo, na kinachoitwa "uendeshaji" hapo ni kipande tu.

Mtu ataleta mfano wa Marekani. Mfumo wao wa pensheni na ulemavu hutumia takriban nusu senti katika kila dola kwa uendeshaji, na mheshimiwa aliyesoma hilo usiku atataka mfuko wenu ufanye vivyo hivyo. Mwambieni mambo mawili. Kwanza, michango yao hukusanywa pamoja na kodi, na mamlaka ya mapato, hivyo mfuko haupeleki jeshi la wakusanyaji kwa waajiri. Pili, hata ndani ya mfumo huohuo upande wa ulemavu hugharimu zaidi kwa kila dola kuliko upande wa uzee, kwa kuwa umri huthibitishwa kwa cheti, lakini mgongo ulioumia unahitaji daktari, ripoti, rufaa na mtu wa kusoma yote hayo.

Mfano wa Chile mimi naupenda zaidi. Mwaka 1981 waliwapa makampuni binafsi kazi ya kutunza akiba za pensheni, kwa matumaini kwamba ushindani utashusha ada. Katika miaka ya 1990 makampuni yakaajiri mawakala wa mauzo kwa maelfu, kazi yao kupokonyana wanachama. Watumishi walikuwa wengi, gharama kubwa, na hakuna mstaafu aliyelipwa mapema kwa sababu yao. Mdhibiti alikaza masharti ya kuhama mwaka 1997, mawakala wakapungua, na mageuzi ya 2008 yakaleta mnada: wanachama wapya waende kwa kampuni yenye ada ndogo zaidi. Kwa hiyo ukiona idara ya masoko kwenye mfuko ambao uanachama wake ni wa lazima kisheria, uliza inamtafuta nani.

Sasa, jalada lenyewe

Haya yote ni utangulizi. Kama mna saa moja tu ya maandalizi, acheni majedwali, fanyeni hili.

Kutoka kwenye daftari la madai chagueni matatu: lililolipwa haraka, lililochelewa kupita kiasi, na lililokataliwa. Chagueni ninyi, si wao. Majina ya wadai yafunikwe. Agizeni majalada yenyewe yaletwe mezani, kisha mwombeni afisa wa chini, yule anayeyashika kila siku, aelezee ukurasa kwa ukurasa: lilipokelewa na nani, likaenda kwa nani, likakaa siku ngapi, likarudi kwa sababu gani. Mkurugenzi mkuu akae kimya. Hatapenda.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, jalada lilikuwa la mjane aliyedai mafao ya urithi. Lilikuwa limechukua siku 143. Nilichora mstari kwenye daftari langu, nikaweka alama kila lilipohama meza. Meza kumi na moja. Sahihi za meza saba kati ya hizo zilithibitisha tu kwamba sahihi iliyotangulia ipo. Siku 96 lilikuwa masijala likisubiri taarifa za michango ya zamani za marehemu, zilizokuwa kwenye karatasi, kwenye chumba ambacho mtu mmoja ndiye aliyejua kimepangwaje. Siku 31 lilisubiri sahihi. Siku 16 zilizobaki zilikwenda kwenye uhakiki na benki. Nilimuuliza yule dada aliyelieleza, baada ya kikao, kazi yenyewe ya mikono ilichukua muda gani. Akafikiri. "Saa tano, mama. Labda sita."

Mwaka ule mfuko ulikuwa umekuja kuomba maafisa arobaini wa madai. Nusu ya kamati ilitaka kuwapa, nusu ilitaka kukata bajeti. Jalada la mjane lilizikatalia pande zote mbili. Maafisa arobaini wangeongeza watu wa kusubiri masijala. Kukata kungemwondoa yule mmoja anayejua chumba, maana alikuwa wa mkataba. Walichohitaji ni watu wanne wa kuingiza kumbukumbu za zamani kwenye mfumo na mtu mwenye ubavu wa kufuta sahihi tano.

Sijawahi kuona jedwali la ikama likisema hivyo.

Kupunguza watu na kuleta mashine

Wanasiasa hupenda kupunguza watumishi kwa kuwa ni rahisi kutangaza. Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 iliamua kuondoa takriban nafasi 17,000 katika shirika lake la hifadhi ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maombi ya ulemavu yakafurika, na foleni ikawa ndefu kuliko mikono iliyobaki. Gharama iliyokatwa kwenye mishahara haikupotea. Ilihamia kwa anayesubiri.

Uingereza ina kamati ya hesabu za serikali tangu 1861, na kwa desturi yao mwenyekiti hutoka upinzani. Hesabu za wizara yao inayolipa mafao zimetiwa shaka na mkaguzi kila mwaka tangu 1988-89, kwa ajili ya udanganyifu na makosa kwenye mafao. Pensheni ya serikali huachwa nje ya shaka hiyo, kwa kuwa makosa yake ni madogo kwa asilimia. Sasa sikiliza. Mwaka 2021 mkaguzi alikadiria kwamba wastaafu 134,000 hivi, wengi wao wanawake, walipunjwa zaidi ya pauni bilioni 1, na baadhi ya makosa hayo yalianzia 1985. Chanzo kilikuwa kanuni ngumu, mifumo mikongwe ya kompyuta, na kazi iliyotegemea karani akumbuke kufanya jambo kwa mkono. Asilimia ndogo, watu wengi. Kwa hiyo mfuko ukiwaambia una watumishi wangapi wa kukamata wadanganyifu, ulizeni papo hapo una wangapi wa kutafuta waliopunjwa. Jibu la kawaida ni kimya.

Kuhusu mashine, someni mkasa wa Australia. Kuanzia 2015 walikadiria mapato ya wapokea mafao kwa kugawa kipato cha mwaka kwenye majuma mawili-mawili, kana kwamba kila kibarua hulipwa sawasawa mwaka mzima, kisha wakawatumia barua za madeni. Ukaguzi uliokuwa ukifanywa na mtumishi uliondolewa, na hapo ndipo penye akiba iliyotarajiwa. Mpango ulisimama 2019, mwaka uleule serikali ilipokubali mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali. Kurudisha fedha na kufuta madeni kuligusa takriban dola za Australia bilioni 1.8. Mradi wa kompyuta ukiletwa kwenu na ahadi ya kupunguza watumishi, uliza kila mtumishi anayeondoka alikuwa akizuia kosa gani, na nani atalizuia sasa.

Wapo pia watumishi ambao kuwapunguza ni hasara ya moja kwa moja: wakaguzi wa waajiri. Mkaguzi mmoja anayejua kazi hurudisha michango iliyofichwa yenye thamani kubwa mara nyingi kuliko mshahara wake. Omba namba hiyo kwa kila tawi. Na omba orodha ya wadaiwa wakubwa, ila jiandaeni, huenda jina la kwanza likawa la serikali yenyewe.

Ndani ya chumba

Maswali ya "kwa nini" huzaa hotuba. Ulizeni "nani" na "lini". Nani alisaini mkataba huu, lini ulikwisha, nani aliuongeza. Mkipewa jibu la "tutawaletea kwa maandishi", mwenyekiti ataje tarehe palepale na katibu wenu aiandike akiisoma kwa sauti. Utashangaa tarehe iliyosomwa kwa sauti inavyofanya kazi.

Gawaneni. Mmoja ashike ikama, mwingine mikataba, mwingine majalada. Kamati ambayo kila mjumbe anauliza kila kitu humpa shahidi nafasi ya kupumzika katikati ya maswali. Na msimdhalilishe afisa mdogo mbele ya bosi wake. Yule ndiye atakayewapigia simu mwezi ujao. Na msichoke kurudia swali: Uholanzi kashfa ya mafao ya malezi ya watoto, ambamo maelfu ya wazazi waliitwa wadanganyifu bila haki, iliibuka kwa ukaidi wa wabunge wawili, Pieter Omtzigt na Renske Leijten, waliorudia maswali yaleyale kwa miaka. Kamati ya bunge ilitoa ripoti Desemba 2020, na serikali ikajiuzulu tarehe 15 Januari 2021.

Mkipendekeza

"Mfuko uboreshe ufanisi" ni maneno ya kujaza karatasi. Andikeni: siku za kulipa dai la urithi zishuke kutoka ngapi hadi ngapi, ifikapo tarehe gani, na aulizwe nani. Mkataka watu waongezwe, tajeni dawati. Mkataka wapunguzwe, tajeni sahihi itakayofutwa nao. Mkubaliane kuhusu kipimo cha gharama kitakachotumika, maana mwaka ujao watakuja na kingine.

Kisha mfuatilie. Kamati ya Seneti ya Australia ilipendekeza 2017 kwamba ule mpango wa madeni usitishwe. Uliendelea miaka miwili zaidi. Mimi nilikuwa na kiboksi cha bati chenye kadi, kadi moja kwa kila pendekezo, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilivuta zile zilizofika tarehe. Siku hizi kompyuta itafanya. Ila tarehe ya kuwaita tena iandikwe kabla hamjainuka kwenye viti, wakiwa bado wamekaa mbele yenu, na yule afisa wa masijala awe kwenye orodha ya waitwao.